Bustani ya Nyumbani: Tuulishe Udongo, Tuzikinge Mboga



Mama mmoja wa Kizwite alitusimulia habari ya bustani yake. Mwaka wa kwanza alipanda mchicha na chainizi nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu. Mboga ziliota, lakini zilibaki fupi na za njano. Mwaka wa pili aliomba samadi kwa mfugaji, akaimwaga ikiwa bado mbichi, na miche ikaungua. Mwaka wa tatu alifanya kazi kwa uangalifu zaidi, na mboga zikastawi. Asubuhi moja aliporudi kutoka kuchota maji alikuta mbuzi watatu wa jirani wamebakiza vijiti vitupu. Alimpiga mbuzi mmoja kwa fimbo, akamvunja mguu. Nyumba hizo mbili hazikusalimiana kwa miezi mingi.

"Tangu siku hiyo," alisema, "tunakula mboga nikipata fedha ya kununua sokoni. Nisipopata, watoto wanakula ugali na maharage, na maharage yakiisha, ugali na chumvi."

Tunadhani familia nyingi zimepitia jambo kama hili. Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili yanayokwenda pamoja: namna ya kuurudishia udongo nguvu, na namna ya kuzikinga mboga na wanyama. Anayefanya la kwanza na kuliacha la pili analisha mbuzi wa jirani.

KWA NINI UKURASA WA AFYA UNAZUNGUMZIA UDONGO?

Mkoa wetu wa Rukwa unajulikana nchini kwa mahindi. Magunia yetu yanalisha watu wa mbali. Hata hivyo, upimaji wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa wenye umri chini ya miaka 5, watoto 56 walikuwa wamedumaa. Hakuna mkoa mwingine uliokuwa na hali mbaya kuliko hiyo. Upimaji wa mwaka 2022 ulikuta wamedumaa karibu 50 katika kila 100, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko inavyompasa kwa umri wake. Si urefu tu unaopungua. Akili yake pia haikui inavyotakiwa, na magonjwa humshika kwa urahisi. Tumbo lililojaa ugali au uji mtupu halina njaa, lakini mwili bado una njaa. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anahitaji, pamoja na maziwa ya mama, chakula cha namna mbalimbali: mboga za majani zilizopikwa na mafuta kidogo, maharage, karanga, dagaa, mayai na matunda. Mboga peke yake hazitoshi kuzuia udumavu, lakini sahani isiyo na mboga ina upungufu. Bustani ndogo nyuma ya nyumba huiweka mboga sahanini hata siku ambayo mfuko hauna kitu.

TUUTAZAME UDONGO WETU

Nyanda za juu za Ufipa hupata mvua nyingi kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ukame wa miezi mingi. Mvua hiyo huosha chumvichumvi zinazolisha mimea na kuzipeleka chini, mahali ambapo mizizi ya mboga haifiki. Ndiyo maana udongo wetu mwingi ni mwepesi kuchoka na una uchachu. Tena tunauchosha wenyewe tunapochoma majani na mabua kila mwaka. Moto huunguza chakula cha udongo.

Mimea yenyewe husema. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano na mmea ukadumaa, mara nyingi udongo umepungukiwa na naitrojeni, yaani chakula kinachokuza majani. Mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau kingoni mwa majani, mara nyingi yamekosa fosforasi. Chukua pia udongo wenye unyevu mkononi, uufinyange. Ukimwagika kama mchanga, hauwezi kushika maji. Ukigandamana kama tofali, mizizi haipati hewa. Dawa ya udongo wa namna zote mbili ni moja: uozo wa majani na samadi.

WAZEE WETU WALIJUA

Jambo hili si geni Ufipa. Wazee wetu, na hasa bibi zetu, walilima kwa intumba, yale matuta ya mviringo. Mvua zikiwa bado zipo na majani yamerefuka, walipindua udongo pamoja na majani, wakayafunika ndani ya tuta. Juu yake walipanda maharage au maboga. Majani yalioza polepole ndani ya tuta. Msimu uliofuata walilisambaza tuta, na juu ya udongo huo wenye rutuba wakapanda ulezi au mahindi.

Majirani zetu wa upande wa Zambia, kwa mfano Wabemba, walikata matawi ya miti na kuyachoma ili wapate majivu ya kurutubisha shamba, kisha wakahamia mahali pengine. Ufipa ni nchi ya majani, miti ni michache. Kwa hiyo Wafipa waliyatumia majani kama mbolea, wakaweza kulima pale pale kwa muda mrefu. Wamatengo wa Mbinga nao wana njia yao, ngoro: huyalaza majani kwa mistari inayokingamana na kuyafunika udongo, na katikati hubaki mashimo yanayozuia maji yasiteremke na udongo mlimani. Wataalamu wametoka mbali kuja kujifunza njia hizi. Ingekuwa aibu sisi wenyewe tuzisahau.

NJIA TANO ZA KUULISHA UDONGO

1. Mboji. Chagua mahali penye kivuli, hatua moja na nusu kwa hatua moja na nusu. Wakati wa mvua lundika juu ya ardhi ili maji yasijae. Wakati wa kiangazi chimba shimo la kina cha goti ili unyevu usipotee. Chini kabisa weka mabua yaliyokatwakatwa. Juu yake weka majani mabichi na maganda ya jikoni, unene wa kiganja kimoja na nusu. Kisha samadi, unene wa vidole vitatu. Nyunyiza udongo wa juu kidogo na majivu machache, mwagia maji, uanze tena tabaka jingine mpaka lundo lifike kiunoni. Funika kwa majani makavu. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe na kukishika: kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka vibaya, maji yamezidi au hewa haiingii. Pindua lundo baada ya majuma matatu, na tena baada ya majuma matatu mengine. Mboji huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu, lakini katika baridi yetu ya Juni na Julai huchelewa. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inapukutika na inanukia kama udongo wa msituni.

2. Samadi iliyoiva. Samadi mbichi huunguza miche, kama alivyoona yule mama. Ilundike na kuifunika kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, madebe mawili hadi matatu ya mboji au samadi iliyoiva yanatosha kwa msimu. Changanya na udongo wa juu. Usiizike chini sana.

3. Marejea. Mmea huu wa jamii ya kunde hupandwa si kwa kuliwa bali kwa kulisha udongo. Padre Gerold Rupper, Mbenediktini wa Peramiho, aliutangaza sana kwa wakulima wa kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1980. Mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Panda mvua zinapoanza katika sehemu ya bustani unayotaka kuipumzisha. Inapoanza kutoa maua, ikate na kuifukia kabla shina halijawa gumu. Mbegu zake zisichanganyike na chakula cha watu wala cha mifugo.

4. Matandazo. Funika udongo kati ya miche kwa majani makavu yasiyo na mbegu. Jua halitaukausha upesi, magugu yatapungua, na maji ya ndoo moja yatafanya kazi ya ndoo mbili. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze.

5. Majivu. Majivu ya kuni hupunguza uchachu wa udongo. Konzi moja kwa kila hatua moja ya mraba inatosha, mara moja kwa mwaka. Usiyamwage pamoja na samadi siku moja, maana samadi itapoteza sehemu ya nguvu yake hewani.

Kumbuka pia umbo la tuta. Wakati wa mvua inua tuta ili maji yapite. Kiangazi fanya jaruba, yaani tuta la kuzama lenye kingo, ili maji yabaki. Upana usizidi mita 1, uweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga.

Aliyepanga chumba mjini asikate tamaa. Gunia moja lililojazwa udongo sehemu mbili na mboji sehemu moja, likiwa na mawe madogo katikati ya kupitisha maji na matundu ubavuni ya kupandia miche, linaweza kutoa mboga kwa miezi mingi.

TAHADHARI YA AFYA: CHOO, NGURUWE NA MBOGA

Hapa tunaomba msomaji asome polepole.

Kinyesi cha binadamu kisitumiwe kamwe kama mbolea ya mboga. Zaidi ya kuhara na minyoo ya kawaida, iko hatari ya tegu wa nguruwe, ugonjwa unaopatikana katika nyanda za juu kusini, na Rukwa imo. Mzunguko wake ni huu. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai ya tegu katika kinyesi chake. Akijisaidia porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi kile, na vifuko vyeupe, mfano wa punje za mchele au maharage madogo, huota katika nyama yake. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, anapata tegu tumboni, na mzunguko unaanza tena.

Lakini kuna njia ya pili iliyo mbaya zaidi, na hiyo hupitia bustanini na mikononi. Mayai yaliyotoka katika kinyesi cha mtu yakishika kwenye mboga, maji au vidole, na mtu mwingine akayameza, vifuko vile huota ndani ya mwili wa mtu huyo, hata katika ubongo. Huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Hata mtu asiyekula nguruwe maishani mwake anaweza kupata ugonjwa huu. Kifafa hicho si uchawi wala laana. Mgonjwa apelekwe hospitali, asifichwe nyumbani.

Basi tufanye haya: kila nyumba iwe na choo na kila mtu akitumie, hata mtoto. Nguruwe wafungwe bandani mwaka mzima. Nyama ikaguliwe na ipikwe mpaka iive kabisa. Mikono inawe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kazi ya bustani na kabla ya kula. Mboga zioshwe kwa maji safi yanayomiminika. Zile zinazoliwa mbichi, kama karoti na nyanya, zioshwe kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Tena, udongo na samadi hubeba vijidudu vya pepopunda. Vaa viatu ukilima, na ukijikata safisha jeraha kwa maji na sabuni, kisha nenda zahanati uulize kama chanjo yako inatosha.

KUZIKINGA MBOGA NA WANYAMA

Kila mnyama ana tabia yake. Ukimjua, utamzuia kwa gharama ndogo.

Kuku hupenda udongo uliochimbuliwa karibuni na miche michanga. Weka kitalu juu ya kichanja, kama kile cha kuanikia vyombo, kwenye masanduku au magunia yenye udongo. Ukishahamisha miche, ifunike kwa matawi ya miiba kwa majuma mawili au matatu. Kuku wako mwenyewe anayeruka uzio, mkate manyoya marefu ya bawa moja tu. Hataumia, ila atapoteza usawa wa kuruka.

Mbuzi hupita popote penye mwanya na hupanda juu ya kitu chochote kinachomshikilia. Uzio wa fito au mianzi ufike kifuani mwa mtu mzima, fito zisimame wima na kukaribiana. Wengine hunyunyizia mboga maji ya kinyesi cha mbuzi ili mbuzi asizile. Mbuzi huchukia harufu hiyo, lakini ni kuweka vijidudu katika chakula. Ukitaka, ipake kwenye uzio, si kwenye mboga.

Ng'ombe huwa tatizo baada ya mavuno, wanapoachiwa kula mabua mashambani. Ndio wakati ambao bustani za kiangazi ziko kijani peke yake. Kwa hiyo uzio uwe tayari kabla ya Julai. Mabua yenyewe, yakifungwa kwa kamba za mkonge, hujenga uzio wa haraka wa msimu mmoja. Uzio wa kudumu ni ule ulio hai: mibono, minyaa au mkonge, iliyopandwa karibu karibu mvua zinapoanza, pamoja na miiba mikavu kwa nje mpaka ikue. Utomvu wa minyaa ni hatari machoni, na mbegu za mibono ni sumu. Watoto waonywe. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi mara moja na uende zahanati.

Nguruwe hufukua kutoka chini. Uzio peke yake haumtoshi. Dawa ni banda.

Fuko na panya huja wasipoonekana. Safisha majani marefu kuzunguka bustani, tega mitego, fuga paka. Ndoo iliyozikwa mpaka ukingoni, yenye maji nusu na kijiti kinachozunguka juu yake chenye chambo, hunasa panya wengi kwa usiku mmoja. Ifunike mchana, maana mtoto mdogo anaweza kutumbukia. Kwa fuko, wakulima wengi hupanda utupa pembezoni. Nao hurutubisha udongo, ila majani yake ni sumu kwa samaki, hivyo yasitupwe mtoni. Sumu ya panya isitumiwe bustanini. Aliyewekewa ni panya, anayeila huenda akawa kuku, mbwa au mtoto.

Tumbili huwasumbua walio karibu na milima ya Mbizi. Hao huzuiwa kwa ulinzi wa zamu kati ya majirani, na kwa kupanda mboga karibu na nyumba. Mtoto asiachishwe shule ili alinde bustani. Tukimpa mboga na kumnyima shule, tumemsaidia nini?

Na chandarua je? Tumeona vyandarua vikizungushiwa mchicha huku watoto wakilala bila kinga. Chandarua kizima mahali pake ni kitandani. Malaria haitazuiwa na mchicha.

NA JIRANI?

Uzio bora kuliko yote ni maelewano. Mwenye mbuzi ana wajibu wa kumfunga, na mwenye bustani ana wajibu wa kuziba mianya. Jambo hili lizungumzwe katika jumuiya au kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kiangazi, si siku ya hasara. Mkubaliane: mifugo ifunguliwe lini, ipite njia ipi, na anayelisha mboga za mwenzake alipe nini. Mfugaji ana samadi na mwenye bustani ana mabua na mabaki ya mboga. Hawa wawili wanahitajiana. Yule mama wa Kizwite na jirani yake walipatana hivyo: jirani huwafunga mbuzi wake na kumpa madebe ya samadi, naye humpelekea majani aliyoyapalilia na mabaki ya mboga. Hakuna aliyeshinda, wote wamepata.

KALENDA FUPI

Februari hadi Aprili: fukia majani, anza mboji. Mei na Juni: tengeneza majaruba, weka kitalu kichanjani, jenga uzio. Julai hadi Oktoba: mwagilia asubuhi au jioni, weka matandazo, linda. Novemba na Desemba: inua matuta, panda marejea na uzio hai.

Anza na tuta moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na sisi tunaongeza: usipolisha udongo leo, hutalisha mtoto kesho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Juma lililopita watoto wetu walikula mboga siku ngapi? Siku nyingine walikula nini?
2. Majani na mabua yetu huishia wapi: katika moto au katika udongo?
3. Je, kila nyumba katika mtaa wetu ina choo kinachotumika? Nguruwe wetu wako bandani?
4. Ni makubaliano gani tunayohitaji na wafugaji kabla ya mavuno?
5. Ni mzee gani kati yetu anayeweza kuwaonyesha vijana namna ya kutengeneza intumba?